Mwizi wa Udongo wa Mlima Ngoto

Hapo zamani, nyumba ya Sultani na nyumba ya mkulima zilipokuwa zikiamshwa na jogoo mmoja, palikuwa na nchi iitwayo Tambwe, na katikati ya nchi hiyo mlima uitwao Ngoto. Begani mwa mlima alikaa Sultani Kizenga katika nyumba yake ya mawe, ubavuni wakakaa watu wa kijiji cha Chanzu, na chini kabisa ukapita mto Mbwei ukielekea uwanda wa chumvi, mahali ambapo hata mbu hakai kwa hiari yake.

Mlima ule ulikuwa na msitu. Baba yake Sultani akaukata nusu kwa ajili ya milango na boriti, nusu ya pili wakaikata watu wa Chanzu kwa ajili ya mkaa, na vichaka vilivyosalia vikaliwa na mbuzi. Mimi siwatetei watu wa Chanzu; mashoka walikuwa nayo wao pia, tena makali. Basi ikawa mvua ikinyesha udongo unashuka, mwaka hata mwaka, na watu wakilima wanavuna mawe. Ukimwuliza mtu wa Chanzu shamba lako liko wapi, anakuonyesha mtoni akisema, "Lilipita juzi."

Mwaka mmoja njaa ikawashika sana. Sultani Kizenga hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mbishi, na hofu yake kubwa ilikuwa kuonekana amefanywa mjinga. Akanena, "Mtama wa bure sitoi. Atakaye kula na afanye kazi, nami nitamlisha." Neno zuri kabisa, nani angelipinga? Tatizo likawa ni kazi gani. Waziri wake, jina lake Mauya, mtu aliyevaa joho hata wakati wa jua kali, akaamuru wajenge ukuta wa kuizunguka nyumba ya Sultani. Ukuta wa kumzuia nani, hakuna aliyeuliza. Na wanyapara wakawa wanahesabu vichwa asubuhi na vichwa jioni, mawe hawayahesabu. Watu nao si wajinga. Wakajifunza kubeba jiwe moja kutwa nzima, kwenda na kurudi, taratibu. Palikuwa na bwana mmoja aliyebeba jiwe lile lile siku kumi na nne hata akalipa jina, na siku lilipomponyoka likapasuka, akalikalia matanga.

Hivyo mtama wa miezi miwili ukaliwa, na ukuta ukafika magotini. Sultani alipouona akaona haya, akafunga ghala, akaapa mbele ya baraza, "Tangu leo mtama wangu hautoki ila kwa watumishi wangu, nao ni askari, wapishi na walinzi wa jela. Wengine wakautafune huo ukuta."

Sasa, ilikuwa desturi ya Tambwe kwamba ugali wa kwanza anaokula Sultani kila mwaka lazima utoke shamba la kilele, shamba dogo alilolilima babu yake kwa mikono yake mwenyewe. Na jembe la kwanza hulipiga Sultani, watu wote wakitazama, ngoma zikilia. Mwaka ule Sultani Kizenga akakunja mikono ya kanzu, akainua jembe juu kabisa, akalishusha kwa nguvu zake zote. Likalia ngaa! Chini ni mwamba mtupu. Mkono ukamwuma hata begani, na ngoma zikanyamaza moja moja.

Sultani akauliza, "Udongo wangu uko wapi?"

Waziri Mauya akajibu upesi, "Maulana, umeibwa."

"Na nani?"

Waziri akawatazama watu wa Chanzu, waliokuwa wamesimama pale na njaa zao. Akasema, "Na nani mwingine, Maulana, isipokuwa hawa ambao hawana udongo?"

Sultani kwa maumivu ya mkono hakutafakari sana. Papo hapo mbiu ikapigwa kwamba mwizi wa udongo wa Sultani aletwe barazani ndani ya siku saba, na asipoletwa, watu wote wa Chanzu wahame mlimani, waende wakakae uwanda wa chumvi. Ole wao! Uwanda ule hauoteshi hata bangi, na maji yake ukiyanywa kiu inaongezeka. Akina mama wakaanza kulia kabla mpiga mbiu hajamaliza.

Wazee wa Chanzu wakakutana. Wakaulizana, mwizi ni nani? Mwishowe mkubwa wao, Mzee Kirita, akakumbuka kwamba pale kijijini palikuwa na mjane mfinyanzi, Namkunda, ambaye kutwa kazi yake ni kuchimba udongo. Namkunda huyo hakuwa na mbele wala nyuma. Alikuwa na kibanda, tanuri la kuchomea vyungu, na kaniki moja tu ambayo siku ya kuifua alikuwa hatoki nje. Watu walimwita punguani, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza maswali ambayo kila mtu alidhani anajua majibu yake. Tena alizoea kuzungumza na vyungu vyake, akisema kwamba vyenyewe havimkatizi.

Wakamwendea. Mzee Kirita akakohoa, akasema, "Mwanangu Namkunda, wewe huna mume wala mtoto wa kukulilia. Tumeonelea, kama haitakuwa taabu, ukubali kuwa mwizi. Kidogo tu."

Namkunda akaendelea kusugua chungu chake. Akauliza, "Baba, nikikubali, Sultani ataniuliza natoka kijiji gani. Nimwambie gani?"

Hilo wazee hawakuwa wameliwaza, kwamba mwizi akitoka Chanzu, Chanzu nzima itaitwa ya wezi. Namkunda akawaambia, "Nendeni mkapumzike. Mwizi huyu namjua, ila ni wa kumvizia. Hatoki mpaka mvua itoke."

Basi siku ya sita ikashuka mvua ya vuli, kubwa, ya mchana kweupe. Watu wote wakakimbilia ndani, na Namkunda akatoka na mtungi wake mpana, akasimama katika korongo chini ya shamba la kilele, maji mekundu yakimpiga mapajani hata akakaribia kuanguka. Akaujaza mtungi, akaufunika kwa kipande cha chungu, akarudi nyumbani akitetemeka. Siku ya saba akajitwika akaenda barazani.

"Shikamoo, Maulana."

"Marahaba, bibi. Mwizi yuko wapi?"

"Yumo humu mtungini, Maulana. Lakini nawaomba mnywe kahawa kwanza, maana huyu si mwepesi wa kukiri. Akiachwa atulie, atasema yote mwenyewe."

Watu wa baraza wakakonyezana. Sultani akakubali, kwa kuwa kahawa ilikuwa tayari hata hivyo. Wakanywa, wakanywa tena. Kisha Namkunda akainua mtungi polepole, akamimina maji katika beseni la shaba, yakatoka meupe safi. Akazidi kuinamisha hata maji yakaisha, na chini ya mtungi ukaonekana udongo mwekundu, mzito, wa kujaza viganja vinne. Akautoa wote, akauweka juu ya jani la mgomba mbele ya Sultani.

"Maulana, huo nimeukuta tumboni mwake. Nilimkamata akitoka mbio shamba la babu yako."

Sultani akauchukua, akausugua kwa vidole, akaunusa. Aliujua. Alipokuwa mdogo alikuwa akichezea udongo ule babu yake akilima. Akaugeuzageuza kiganjani.

Waziri Mauya akaruka, "Maulana, anatuchezea mwanamke huyu! Maji ni maji. Tangu lini maji yakawa mwizi?"

Namkunda akasema, "Mheshimiwa Waziri, mali ya mtu imekutwa kwake, naye alikuwa anakimbia. Wewe ulitaka nini zaidi, ndevu?"

Baraza zima likaangua kicheko, na Sultani naye akacheka, ila alipomaliza akakumbuka hofu yake, kwamba isije ikasemwa kajane kamoja kamemchezea. Akakaa sawasawa, akanena, "Vema, bibi. Mwizi nimemwona. Lakini huyu ni mmoja, na wenzake ni wengi. Basi sikiliza hukumu yangu. Kundi lao lote lifungwe jela, na jela iwe mlimani humu humu. Masika yakishika nitasimama mtoni kwa miguu yangu. Nikiona maji yameshuka na udongo wangu, nitayafuata nyuma hata nione yameuokota kwa nani, na huyo mwenye mahali hapo atahamia uwanda wa chumvi, yeye na watu wake wote. Umekubali?"

Watu wakashika vichwa. Nani awezaye kuifunga mvua ya mlima mzima? Waziri akatabasamu. Lakini Namkunda akapiga goti akasema, "Nimekubali, Maulana. Ila nina maswali mawili ya kipunguani. Hukumu hiyo ni ya Chanzu peke yake, au ya kila aishiye mlimani?"

"Ya kila aishiye mlimani. Mimi sibagui."

"Na jela hiyo itafuata sheria ya jela ya nchi, ile iliyowekwa na babu yako?"

"Itafuata. Kuna sheria gani nyingine?"

Karani akayaandika, Sultani akatia muhuri. Wino ulipokauka, Namkunda akasema, "Sasa, Maulana, naomba walinzi."

Hapo wazee waliokuwamo barazani wakatazamana, kwa maana waliikumbuka sheria ile. Zamani za babu yake Sultani, mlinzi mmoja wa jela, kwa njaa, alimwachia mwizi wa ng'ombe kwa muhogo mmoja wa kuchoma. Babu yule akakasirika, akaamuru kwamba kila chumba cha jela kiwe na mlinzi wake, na kila mlinzi apewe vibaba viwili vya mtama kila jua linapochwa, hata ghala likiwa limebakiwa na vibaba vitatu.

Waziri Mauya akaiona hatari. Akasema, "Maulana, mlinzi wa nini? Maji hayana mikono ya kufungua mlango wala hayana miguu. Mfungwa wa namna hii hahitaji mlinzi."

"Ah, kumbe!" akasema Namkunda. "Basi Mheshimiwa Waziri, tafadhali nishikie mfungwa mmoja kidogo nijitengeneze kaniki." Na kabla Waziri hajajua la kufanya, Namkunda akainua beseni, akammiminia maji katika viganja. Waziri akabana vidole. Maji yakapita katikati ya vidole, yakateremka mikononi, yakaingia ndani ya joho, yakatokea kiunoni, yakachuruzika hata kwenye viatu vyake vya ngozi. Akabaki ameinua mikono mitupu, amelowa chapachapa.

Namkunda akasikitika. "Ametoroka, Maulana. Na hapo aliyekuwa akimlinda ni waziri mzima."

Sultani alicheka hata akaombea mbavu zake, akapangusa machozi, akasema, "Haya, haya. Watakuwa walinzi wangapi?"

"Mlima huu nimeuzunguka miaka yote nikichimba udongo, Maulana, na nimekwisha kuupima kwa kamba. Vyumba vya jela ni mia tatu na sitini."

Sultani akaacha kucheka. Akautazama muhuri, akamtazama karani, na karani akatazama dari. Lakini neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwake, na baraza lilikuwa limejaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Fungueni ghala."

Basi watu wa Chanzu wakawa walinzi wa jela, wanaume kwa wanawake, na kiangazi chote wakaijenga jela yao wenyewe. Namkunda akawaonyesha. Alikuwa na sinia lake la udongo, pana, ambalo hulijaza maji na kuliweka chini. Maji yakilala sawa ukingoni pande zote, hapo palipo usawa wanachomeka kijiti, kisha wanasogea hatua tano wanapima tena, hata mstari ukauzunguka mlima bila kupanda wala kushuka. Kwenye mstari wakachimba mfereji, wakapanga mawe upande wa chini, wakapanda majani marefu juu ya mawe. Wakasogea chini, wakaanza mstari mwingine. Penye makorongo wakaziba kwa magogo na mawe, wakachimba mabwawa. Mawe yakipungua wakayachukua ya ule ukuta wa magotini, na hakuna aliyewazuia, kwa kuwa Sultani mwenyewe alikuwa hapendi kuutazama.

Kila mmoja alipewa kipande chake, na hicho ndicho chumba chake cha jela. Hapakuwa na mnyapara wala kuhesabu vichwa. Hapakuwa na haja! Manyunyu yakishuka, maji yaliyotoroka kwa mlinzi wa juu yanamwangukia mlinzi wa chini na kumbomolea kazi yake, naye wa chini anapanda juu na mdomo ulio wazi. Matusi yaliyosemwa Ngoto mwaka ule siwezi kuyarudia hapa mbele ya wakwe. Lakini kila mtu akapanga mawe yake vizuri. Na jua likichwa, Namkunda anapita na kuangalia, na mwenye chumba kilichosimama anapewa vibaba vyake viwili. Watoto wakaanza kuota mashavu.

Tena Namkunda akawaambia, "Jela haina kukaa bure. Wafungwa wapewe kazi." Wakapanda mtama na maharage nyuma ya kila mstari wa mawe, pale ambapo maji yangekaa, na kandokando wakapanda miche ya mitalawanda. Mzee Kirita akauliza itachukua miaka mingapi miti ile kukua. Alipoambiwa, akasema hatakuwapo, lakini akapanda kumi.

Likabaki eneo moja tu. Chini ya nyumba ya Sultani palikuwa na malisho ya mbuzi wake, mbuzi mia mbili weupe aliowapenda kama wajukuu. Walikuwa wameyala malisho yale hata mizizi, na ardhi imekuwa tupu kama ngozi ya ngoma. Namkunda akaenda langoni na sinia lake. Waziri Mauya, ambaye tangu siku ya beseni hakuwa akimpenda, akamfungulia nusu ya mlango.

"Nimekuja kupima jela ya huku, Mheshimiwa."

"Huku hakuna wezi. Haya ni malisho ya Sultani."

"Kweli kabisa. Lakini maji hayajui kusoma, huenda yasijue ni ya nani."

"Toka hapa! Mguu wa mtu wa Chanzu hautakanyaga malisho haya."

"Hautakanyaga hata kidogo?"

"Hata kidogo! Hapa ni pa Sultani na watu wake, basi."

"Nimeelewa," akasema Namkunda. "Tafadhali yaseme tena, na bwana karani yule anayepita akuandikie, nisije nikasahau na upunguani wangu." Waziri kwa hasira akayasema tena, karani akayaandika, na Namkunda akashukuru akaenda zake.

Basi masika yakashika. Siku tatu mvua ikapiga bila kupumua. Siku ya nne asubuhi ikapungua, na Sultani Kizenga akateremka hadi mto Mbwei, amefunikwa mwavuli, Waziri pembeni yake, na nyuma yao Chanzu nzima. Watu wa Chanzu walikuwa roho juu. Wengine walikuwa wamekwisha kufunga mizigo, na bibi mmoja alikuwa amebeba kuku wake chini ya kwapa, kwa maana hakutaka waende uwanda wa chumvi bila kuku.

Wakatazama korongo la kwanza. Maji yalikuwa yakishuka kidogo kidogo, meupe, unaona changarawe chini. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Sultani akavua kiatu, akatia mguu, akaziona kucha zake. Akastaajabu sana. Tangu azaliwe hakuwahi kuona kucha zake ndani ya mto ule wakati wa masika.

Mara Waziri akapiga kelele, "Maulana! Huku! Wezi hawa!"

Na kweli, nyuma ya kichaka, korongo la nne lilikuwa likishusha maji mekundu, mazito, yakinguruma. Watu wa Chanzu wakapiga ukelele. Yule bibi akamkumbatia kuku wake akaanza kulia. Mzee Kirita akamgeukia Namkunda, akamshika mkono. Waziri Mauya akasugua mikono. "Maulana umesema utayafuata nyuma. Tuyafuate, tuwashike hawa kwao."

Wakayafuata. Sultani mbele, anateleza, anasimama. Korongo likapita nje ya mistari yote ya mawe ya Chanzu. Kulia kwao mawe yamesimama na mtama umefika kifuani, kushoto hivyo hivyo. Waziri akawa bado anaongea. Wakapanda, wakapinda, na walipofika pale juu, Waziri akanyamaza. Maji mekundu yalikuwa yakitoka chini ya ua wa malisho. Ndani yake mbuzi mia mbili weupe wamesimama katika matope hata magotini, wakimtazama bwana wao.

Mvua ilisikika tu ikigonga mwavuli.

Waziri akasema, "Maulana, hii ni kazi ya mbuzi. Wahamishwe mbuzi."

Namkunda akamwomba karani asome. Karani akasoma hukumu, kwamba mwenye mahali udongo ulipookotwa atahama, yeye na watu wake wote, na kwamba ni ya kila aishiye mlimani. Kisha akasoma ya Waziri, kwamba malisho ni ya Sultani na watu wake, na mguu wa mtu wa Chanzu hautakanyaga hata kidogo. Aliposoma hayo, Waziri akawa kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka uso wake.

Sultani Kizenga akasimama pale kanzu imejaa matope. Aibu ilimpanda hata masikioni. Miezi yote ile alikuwa amewangoja watu hawa waanguke. Akauliza polepole, "Bibi, huko uwanda wa chumvi ni mbali?"

"Mwendo wa siku mbili, Maulana. Pamoja na mbuzi hawa, labda tatu."

"Na maji yake?"

"Nasikia Maulana alikuwa ameyaona yanatufaa."

Sultani akainamisha kichwa. Namkunda akamwonea huruma, maana hakuwa mwanamke wa kumkanyaga mtu aliyekwisha kuanguka. Akapiga goti palepale topeni akasema, "Maulana, amri ni yako, na kuitangua ni kwako. Lakini ukiitangua kwa nyumba yako, itangue kwa kila nyumba, mtu asifukuzwe tena mlimani kwa ajili ya mvua. Na aliyepanga mawe, shamba lililo nyuma ya mawe hayo liwe lake na la wanawe."

Sultani akanena kwa sauti ya kusikika na wote, "Imetanguka. Na mashamba ni yao. Karani, andika kabla sijavua viatu hivi." Watu wakapiga vigelegele, yule kuku akaponyoka akaingia kwa mbuzi, na watu walipokuwa wakimkimbiza kuku huyo, Sultani akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha akacheka hata akaushika ua.

Alipotulia akasema, "Haya, bibi. Lete walinzi wako waje wajenge jela ya hapa."

"Haiwezekani, Maulana. Waziri wako ameandikisha kwamba mguu wa mtu wa Chanzu haukanyagi hapa. Hapa ni pa Maulana na watu wake."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akaanza kuvua joho.

Basi kesho yake mvua ilipotulia, ndipo Tambwe ilipoona ambalo halijaonekana tangu babu yake Sultani. Sultani Kizenga amefunga kanzu kiunoni, anachimba mfereji, na Waziri wake anabeba mawe, jiwe kubwa, tena mbiombio, kwa sababu Chanzu nzima ilikuwa imekaa ng'ambo ya ua inatazama. Mchana Namkunda akapita nje na sinia lake, akalipitisha juu ya ua, akaomba liwekwe pale na hapa.

"Pamepinda hapa, Maulana. Ni kidole kimoja."

"Kidole kimoja! Nani atajua?"

"Maji, Maulana."

Sultani akang'oa mawe aliyoyapanga asubuhi yote, akaanza upya. Hata jua likachwa, mgongo umemkatika, viganja vimetoka malengelenge, na njaa inamwuma kama haijawahi kumwuma maishani mwake. Akaenda ghalani kwake, akasimama kwenye mstari nyuma ya Mzee Kirita. Watu wakataka kumpisha, akakataa. Zamu yake ilipofika, Namkunda akachota kibaba, akakisawazisha kwa kiganja, akamwagia katika pindo la kanzu. Akachota cha pili, akasawazisha, akamwagia. Kisha akatazama nyuma yake kumwita anayefuata.

Sultani hakuondoka. Alikuwa akiutazama mtama ule pindoni mwake. Akauliza, "Ndio huu tu?"

"Ndio huo tu, Maulana. Na Mzee Kirita hapo ana wajukuu sita."

Sultani akakusanya pindo lake akaenda nyumbani, akautwanga mwenyewe, akapikiwa, akala, na wanasema hakubakiza hata ukoko. Asubuhi mbiu ikapigwa nchi nzima ya Tambwe kwamba tangu siku hiyo mlinzi wa jela ya maji atapewa vibaba vinne. Sababu haikutajwa, na kwa heshima ya Sultani watu wa Chanzu hawakuiuliza, ila Namkunda, ambaye aliiuliza kila alipomwona, na hadithi yangu ikafika hapo ikakaa.